Presha ya Picha

Wagonjwa walimwita Mama Presha, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa kliniki ya presha katika hospitali ndogo yenye madirisha ya wavu. Kila Jumanne na Alhamisi benchi la nje lilikuwa limejaa kabla hajaweka ufunguo mlangoni. Aliwajua watu wake kwa mikono: mkono mnene unaotaka mkanda mkubwa, mkono mkavu wa fundi viatu, mkono wa bibi mmoja aliyefumba macho kila akipimwa kana kwamba anachanjwa.

Kisha zikaja mashine. Zilikuwa nane, kwenye maboksi meupe, pamoja na fomu za utafiti. Profesa, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza utafiti huo katika vituo thelathini, alikuja mwenyewe kuzikabidhi. Alitaka kuona kama mgonjwa wa presha anaweza kupunguziwa vidonge mapema iwapo atapimwa mara kwa mara kwa mashine hizo. Kampuni iliyozitengeneza ndiyo iliyogharamia kila kitu. Profesa alipiga picha na wagonjwa wawili watatu, akamwambia Mama Presha kwamba zama za kubinya mpira na kutega sikio zimepita.

"Sasa ni kufunga, kubonyeza, kuandika," alisema. "Umri wako huu, dada, pumzisha masikio."

Na kweli, presha zilishuka. Mwezi baada ya mwezi fomu zilijaa namba nzuri, na watu waliokuwa wakimeza vidonge vitatu wakabaki na kimoja. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwashi mwenye mabega kama mlango. Daktari wa zamu ndiye aliyesaini kumpunguzia, lakini aliyempa habari ni Mama Presha, tena kwa furaha.

"Shemeji, umebaki na kimoja tu. Ukiendelea hivi utanikimbia kliniki."

"Nitakukimbia wapi na wewe ndiye uliyenishika mkono kuliko mke wangu?" alijibu, wakacheka wote benchini.

Alhamisi moja alipimwa asubuhi, mashine ikasema mia na ishirini na sita kwa themanini, akaenda kazini. Saa sita mchana alikuwa juu ya ukuta, akataka kumwomba mwenzake mwiko, neno likakataa kutoka. Akanyoosha mkono kuuonyesha, mkono nao ukakataa. Walimshusha kwa kamba. Walipomfikisha hospitali mdomo ulikuwa umeshakwenda upande, na daktari wa dharura, aliyempima kwa mkono kama alivyofundishwa zamani, aliandika mia mbili na kumi na nane kwa mia na ishirini na nne.

Mama Presha aliziona namba zote mbili kwenye kadi moja, za siku moja, moja chini ya nyingine. Aliziangalia mpaka muuguzi mwenzake akamuuliza kama anaumwa.

Presha hupanda ghafla mtu akipata kiharusi, hilo alilijua, na angeweza kujifariji nalo. Lakini siku iliyofuata aliingia stoo, akatoa kile kipimo cha zamani cha zebaki kilichokuwa kimefunikwa gazeti, akakifuta vumbi. Kwa majuma matatu alimpima kila mgonjwa wa utafiti mara mbili, kwa mashine na kwa zebaki, akaandika daftarini. Alipima watu arobaini. Mashine ilisoma pungufu kwa namba kumi na nane, ishirini, ishirini na sita. Haikukosea hata mara moja kwa upande wa juu. Kazi yake yote ilikuwa kubembeleza.

Alimwandikia Profesa barua, akanakili namba zote arobaini. Miezi minne ilipita kimya. Kisha ukaja mwaliko wa mkutano wa mwaka wa mabingwa wa presha, na chini yake mstari mmoja wa kalamu: *Njoo, tutaongea ana kwa ana.* Akafungasha nguo mbili, daftari, na kipimo cha zebaki alichokiviringisha kwenye kanga ili kisivunjike. Mdogo wake, aliyekuwa akimlisha mumewe uji kwa kijiko, aliuliza anakwenda kufanya nini huko kwa wakubwa.

"Kusikiliza," alijibu. Hakuwa bado amemwambia lolote kuhusu zile mashine.

Mkutano ulikuwa hotelini. Zulia la ukumbini lilikuwa nene kiasi kwamba mguu ulididimia, naye akahisi kama anakanyaga kitu chenye uhai. Hewa ilikuwa baridi, imejaa manukato na harufu ya nyama ya kukaanga. Kila mjumbe alipewa mkoba wenye jina la kampuni ya mashine, kalamu yenye jina la kampuni, na hata maji ya kunywa yalivaa karatasi ya kampuni. Kwenye skrini ilionyeshwa picha ya ubongo uliofurika damu, ubongo wa mtu aliyekuwa na mke na watoto, na nyuma ya Mama Presha mtu alikuwa akitafuna biskuti, karu, karu, bila kukatiza.

Wakati wa chakula alijikuta meza moja na mabingwa watatu.

"Tatizo letu ni wagonjwa," mmoja alikuwa akisema huku akijichokonoa meno. "Wabishi. Unampa dawa, hamezi."

"Kwetu dawa ilikosekana majuma saba mwaka huu," Mama Presha alisema.

Yule bingwa alimtazama kifuani, akasoma kadi yake, akaona neno *muuguzi*. "Ndiyo, na hilo pia," alisema, akamgeukia mwenzake wakaanza kuzungumzia mkutano wa mwakani utafanyikia wapi na kama kutakuwa na ufuko.

Chakula kilimshinda. Alifunika sahani kwa karatasi ya kufutia mikono, akatoka.

Nje ya ukumbi kampuni ilikuwa na kibanda. Msichana mrembo aliyevaa koti jeupe la daktari, ingawa kazi yake ilikuwa kuuza, aliwapima wajumbe kwa mashine ileile ya maboksi meupe. Mabingwa walijipanga mstari, wanaume wenye vitambi na wanawake wenye viatu virefu, na kila mmoja aliyepimwa alitoka ameng'aa.

"Mia na kumi na nane," mmoja alimtangazia mwenzake. "Na chumvi zote hizi ninazokula."

Profesa alikuwa mbele yao wote. Alinyoosha mkono, akatabasamu, kamera ikamulika, na msichana akasoma kwa sauti: mia na ishirini na sita kwa sabini na nane. Watu walipiga makofi. Mama Presha aliondoka kabla hayajakwisha.

Asubuhi ya pili, saa moja kabla ya Profesa kusoma matokeo ya utafiti, alimfuata alipokaa.

"Dada, barua yako niliisoma. Twende huku."

Alimwongoza hadi chumba kidogo nyuma ya jukwaa, kilichorundikwa viti vibovu na spika. Akafunga mlango. Mama Presha alikuwa ameshatoa daftari, lakini Profesa hakulitazama. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaanza kukunja mkono wa shati.

"Nimesikia umekuja na kile kipimo chako cha kizamani," alisema. "Unacho hapa?"

"Ninacho."

"Nipime. Tangu alfajiri kichwa kinagonga."

Ukishakuwa muuguzi miaka kumi na tisa, mtu akinyoosha mkono mbele yako unaushika kabla hujafikiri. Alimkalisha, akamwambia asiseme kwa dakika tano, akafunga mkanda. Akabinya mpira, akategea. Zebaki ilishuka polepole, na mdundo ulianza kusikika mapema mno.

"Mia na tisini na nne kwa mia na kumi na mbili."

"Rudia."

Akarudia. "Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi na mbili."

Profesa hakubisha. Alitoa kikopo mfukoni, akatoa vidonge viwili, akavimeza bila maji. Ndipo Mama Presha alipouliza kile ambacho hata yeye hakujua kama angethubutu.

"Profesa, si jana tu pale kibandani umeambiwa mia na ishirini na sita?"

Alicheka kidogo, kama mtu anayechekea mtoto. "Ile ilikuwa presha ya picha."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua nini? Kila mashine ina mapungufu yake."

"Unajua haisemi kweli. Ungeiamini usingeniita humu."

Profesa alikunjua shati, akafunga kifungo. Hakuona haya, wala hakukasirika, na hicho ndicho kilichomkera Mama Presha zaidi. Alisema utafiti una watu elfu mbili, na kwenye watu elfu mbili makosa madogo hufutana.

"Hayafutani kama yote yameegemea upande mmoja," alisema Mama Presha. "Sisi tuliwapunguzia watu vidonge kwa namba hizi."

"Sikiliza. Ripoti ikichapishwa, jina lako litakuwemo. Wauguzi wangapi wana majina kwenye majarida ya kitabibu? Na mwakani kuna nafasi ya masomo ya miezi mitatu, nje. Naweza kukutaja." Akavaa koti, akamgusa bega. "Ahsante kwa kunipima. Mikono yako ni mizuri."

Alipotoka, Mama Presha aliufuta mkanda kwa spiriti, akafuta na viganja vyake, kisha na bega lake juu ya nguo. Alikuwa amewahi kuosha vidonda vyenye funza na hakuwahi kusikia kinyaa cha namna ile. Kilichomtafuna zaidi ni kwamba naye mwenyewe alikuwa ndani yake. Ni mdomo wake uliomwambia shemeji kwamba amepona nusu.

Ukumbi ulijaa. Profesa alipanda jukwaani akiwa na sauti imara, na kwenye skrini mstari wa presha ulishuka kama ngazi. Alisema wagonjwa saba kati ya kumi walipunguziwa dawa salama. Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na kundi la watu mia na tatu lililoitwa *waliopotea njiani*. Aliwapita bila kuwataja. Mama Presha aliwajua kumi na mmoja kati yao, wote wa kliniki yake. Wanne alikuwa amewazika. Shemeji yake pia alikuwemo, naye hakuwa amepotea popote. Alikuwa kitandani, chumba cha pili mkono wa kushoto ukiingia.

Makofi yalipokwisha, mwenyekiti wa kikao alikaribisha maswali. Mama Presha alisimama.

"Mimi ni muuguzi wa kituo kimojawapo," alisema kwenye kipaza sauti. "Nililinganisha mashine zetu na zebaki, kwa watu arobaini. Mashine inapunguza kati ya kumi na nane na ishirini na sita. Nataka kujua vituo vingine vililinganisha?"

"Swali lako ni hilo tu?" aliuliza mwenyekiti, akiangalia saa.

"Ni hilo."

Profesa alikuwa akimtazama. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mgonjwa anayesubiri kusomewa majibu, na Mama Presha alijua anaogopa nini. Sentensi moja ingetosha. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi: *Nimempima mwenyewe saa moja iliyopita.* Lakini alikuwa amemshika mkono, na siri ya mkono uliopimwa ni ya mwenye mkono, hata kama mwenyewe ni mtu wa aina gani. Akaimeza, na ilishuka chungu kama shubiri.

Profesa alipoona hasemi, rangi ilimrudi.

"Tunawapenda sana wauguzi wetu," aliuambia ukumbi. "Lakini kipimo cha mkono kinategemea sikio la binadamu, na masikio, jamani, huzeeka pamoja na wenyewe."

Ukumbi ulicheka. Kilikuwa kicheko cha upole, cha watu walioshiba. Mama Presha alibaki amesimama, akiyafikiria masikio yake yaleyale yaliyoitwa chumbani muda si mrefu.

"Basi tupime hapa," alisema. "Mashine iko nje, zebaki ninayo. Mwenye mkono na anipe."

Mwenyekiti alisema muda umekwisha na chai iko tayari. Watu wakaanza kuinuka. Ndipo mama mmoja mwembamba mwenye nywele nyeupe, daktari bingwa wa figo aliyekaa safu ya mwisho siku zote mbili bila kusema neno, alimfuata akikunja mkono wa gauni lake.

"Pima huu," alisema. "Mimi ndiye ninayewapokea hao wenu figo zikishakufa."

Walikwenda kibandani. Msichana wa kampuni alimpima kwanza, akasoma mia na ishirini na nne kwa sabini na nane. Mama Presha aliweka kipimo chake juu ya meza, akamkalisha bingwa wa figo kwenye kiti, akamwekea mkono sawa na moyo, akamwambia anyamaze dakika tano. Wajumbe walizunguka na vikombe vyao. Kisha akajaza mkanda, na badala ya kusikiliza mwenyewe akampa stetoskopu daktari kijana aliyesimama karibu.

"Sikiliza wewe. Masikio yako hayajazeeka."

Yule daktari alisikiliza, akakunja uso, akarudia. "Mia na arobaini na nane kwa tisini na sita," alisema.

Hakuna aliyecheka. Bwana mmoja mnene, yuleyule wa chumvi, alitua kikombe, akavua koti. Alikuwa mia na kumi na nane ya jana. Zebaki ilimpa mia na arobaini na mbili. Akabadilika rangi, akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Mama Presha alivuta viti akavipanga mstari, na mabingwa wakakaa kimya dakika tano tano, mikono mapajani, kama watu wa benchi lake. Msichana wa kampuni alichomoa waya wa mashine, akaifunika kwa kitambaa. Kufikia mwisho wa chai walikuwa wamepimwa kumi na saba.

Walishtuka kweli. Walinong'onezana, walipiga simu kwa madaktari wao, mmoja aliuliza mara tatu kama mkanda haukubana sana. Na Mama Presha, badala ya kufurahi, alisikia kile kinyaa kikirudi. Kabla ya chai aliwaambia habari za watu arobaini wakacheka. Watu elfu mbili hawakuwaondolea hata hamu ya chai. Ilibidi iwe mikono yao.

Bingwa wa figo alimsaidia kufunga kipimo.

"Usitegemee watakushukuru," alisema.

"Sikuja kushukuriwa."

"Najua. Nakwambia tu usije ukaumia."

Kamati ya mkutano ilikaa jioni hiyo, na baada ya mwezi mmoja ilitoka barua ya kurudisha mashine zote katika vituo thelathini. Barua ilisema *marekebisho ya kiufundi*. Haikutaja kiharusi, wala mtu. Ripoti ya Profesa haikuchapishwa, lakini yeye alibaki profesa, na nafasi ya masomo ya nje akapewa mtu mwingine. Mama Presha aliwaita wagonjwa wake mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine kwa kuwafuata majumbani, akawapima upya. Zaidi ya nusu walirudishiwa vidonge. Bibi wa kufumba macho alimuuliza kwa nini alikuwa amepona halafu amegeuka mgonjwa tena.

"Hukuwa umepona, bibi. Tulikudanganya bila kujua."

Kumwambia mdogo wake kulimchukua muda mrefu zaidi. Alimwambia Jumapili moja, wakiwa wamemgeuza shemeji ubavu ili wampake mafuta mgongoni asipate vidonda. Alieleza yote: mashine, kadi yenye namba mbili, barua, mkutano. Alisema ni yeye aliyemwambia apunguze vidonge. Mdogo wake aliendelea kupaka bila kuinua uso.

"Na huyo profesa wenu," alisema hatimaye, "alikuwa akijua?"

"Alikuwa akijua."

"Umejuaje?"

Mama Presha alimfunika shemeji miguu kwa shuka.

"Dada, umejuaje?"

"Siwezi kusema. Ni habari za mgonjwa."

Mdogo wake aliweka kikopo cha mafuta chini. "Kwa hiyo siri ya yule umeitunza," alisema taratibu, "na sisi umetukalisha miezi yote hii gizani."

Shemeji, ambaye maneno yake yalikuwa yakirudi moja moja, aliunguruma kitu, uso ukiwa kwenye mto. Waliinama wote wawili wasikie. Alikuwa akisema mgongo unamwasha, upande wa juu, na wao wanagombana tu.

Mdogo wake alichukua tena kikopo. Hakumwambia dada yake abaki, wala hakumwambia aondoke. Mama Presha alishika bega lile zito kwa mikono miwili ili lisiporomoke, na mwenzake akapaka.